Jubilé ya Kapiteni Kabera

Mara ya kwanza Kabera aliposema anaachana na mpira, watu wa kilimani walimwamini, wakamletea jibini. Mara ya pili walicheka. Mara ya tatu hakuna aliyejisumbua hata kumjibu, maana alikuwa na miaka thelathini na saba, goti lake la kulia limevimba kama kiazi cha shamba jipya, na bado kila Jumapili alasiri alifunga viatu vyake vilevile na kuingia uwanjani wa kwanza.

Kwingine mchezaji hutundika viatu kwa sababu mwili umegoma, au kocha amemchoka, au amepata kazi ya kumlisha. Katika timu ya Umoja, juu ya vilima vya nyuma ya Karuba, sababu hizo Kabera alikuwa nazo zote, na hazikumtoa. Kilichomweka uwanjani kilikuwa karatasi moja.

Miaka miwili nyuma watu wenye bunduki walikuja wakakaa kilimani, wakalaza mti barabarani, wakapaita mahali hapo bariyeri. Kuwataja kwa jina hakuna faida; majina yao hubadilika, kazi yao ni ileile. Kila wiki walitaka wanaume wa salongo: kulima njia, kupasua kuni, na ile kazi ambayo hata wazee waliitaja kwa sauti ya chini, kubeba mizigo yao kwa miguu kupitia msituni mpaka Walikale. Waliokwenda wakiwa kumi walirudi wanne, na hao wanne hawakupenda kuulizwa. Lakini komanda wao alikuwa mgonjwa wa mpira. Jumapili yake ya kwanza alikaa kwenye nyasi na bunduki mapajani, akaiangalia Umoja ikicheza, akapiga makofi mpaka akasimama. Mechi ilipokwisha akatangaza kwamba mchezaji wa timu hii haguswi. Si salongo, si mzigo, si chochote. Akataka orodha: majina kumi na manane, la kumi na tisa halimo. Mwalimu Jean de Dieu, katibu wa timu, aliyaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, akapeleka nakala bariyeri, na tangu siku ile wanaume kumi na wanane wakawa wanapita barabarani mchana kweupe kama zamani.

Basi ikawa hakuna anayeacha mpira. Samy, mshambuliaji, alikuwa na pumu na aliendelea. Isidore, kipa, mtu wa msitu wa Walikale aliyekimbilia huku na mama yake, alikuwa haoni vizuri mipira ya juu jua likiwa mbele yake, naye aliendelea. Watu waliwatania kwamba Umoja ni timu ya kwanza Masisi yote ambayo wachezaji wake watazikwa na jezi. Walitania, lakini kila familia ilikuwa na kijana wake aliyetazama orodha ile kama mwenye njaa anavyotazama sufuria ya jirani.

Katika nyumba ya Kabera kijana huyo alikuwa Shema, mdogo wake wa mwisho.

Shema alirudi kutoka Walikale mwanzoni mwa mwaka. Kule alikuwa akichimba madini kwenye mashimo, akatoka na kikohozi na miguu yenye makovu. Njiani alisimama Kitshanga kumchukua mke wake, Umurerwa, aliyekuwa akiishi kwenye kambi ya wakimbizi na wazazi wake. Walifika na mtoto wa miezi mitatu na godoro moja. Shema alikuwa na miaka ishirini na minne, umri ule ambao bariyeri ilikuwa inautafuta. Mchana alijificha kwenye shamba la maharagwe la Mukandori, mke wa Kabera, akilima amejikunja ili kichwa chake kisionekane kutoka barabarani. Usiku alilala leo hapa, kesho pale. Mpira aliujua. Hakuwa na akili ya kaka yake, lakini alikuwa na mapafu, kikohozi kilipomwachia, na mbio za kutosha.

Hakuna aliyemwambia Kabera kitu. Ndiyo ilivyokuwa mbaya zaidi. Mukandori alimchemshia maji ya chumvi ya kukanda goti, akalikanda taratibu, akalitazama goti, kisha akatazama kule shambani. Umurerwa alimpa shikamoo zake za shemeji na chakula chake kwa mikono miwili. Kila mtu alikuwa na adabu, na adabu hiyo ilimchoma Kabera kuliko matusi.

Siku iliyomwangusha ilikuwa ya mechi na timu ya vijana wa Masisi. Dakika za mwisho mpira mrefu ulikuja upande wake, mpira wa kawaida, ambao zamani angeutuliza kwa kifua huku anaongea na kipa. Aligeuka, goti likabaki nyuma. Alianguka kwenye matope, mshambuliaji akampita, Isidore akauokota mpira wavuni. Kabera alisubiri kicheko. Kilima kizima kilikuwa kimejaa watu, na katika kilima kile watu hucheka hata padri akijikwaa. Hawakucheka. Mama mmoja alisema tu, pole, Kapiteni. Alielewa hapo hapo kwamba amekwisha.

Jumanne alikwenda kwa Jean de Dieu shuleni, akamkuta anasahihisha madaftari. Akamwambia anaacha, safari hii kweli, na jezi namba nne ni ya Shema. Mwalimu alivua miwani, akamshika mkono kwa muda mrefu. Kisha akatoa karatasi safi. Alisema ataandika orodha mpya sasa hivi na kuipandisha bariyeri kabla ya jioni; kesho asubuhi Shema atashuka barabarani kama mwanaume.

Na hapo ndipo Kabera aliposema neno ambalo hakuna atakayemsamehe, yeye mwenyewe kwanza. Alisema, tungoje jubilé.

Jubilé ndiyo mechi ya kumuaga mchezaji, na Umoja ilikuwa na yake isiyofanana na ya wengine. Timu ilianzishwa na mfugaji mmoja, Papa Théophile, aliyetoa malisho yake yawe uwanja, na alikuwa na desturi zake. Mchezaji anayeondoka hucheza kipindi cha kwanza. Wakati wa mapumziko anasimama katikati ya uwanja, mzee anammwagia maziwa ya asubuhi hiyo kuanzia magotini mpaka nyayoni, ili miguu ipoe na isidai tena kukimbia. Kisha anavua jezi na kumvalisha kwa mikono yake mwenyewe yule anayemrithi. Jezi iliyoachwa bila maziwa, ilisemwa, huvunja miguu ya anayeivaa baadaye. Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kutolea mfano, aliyevunjika mguu kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, akishuka na viazi na wala si uwanjani, lakini watu wanapotaka kuamini, mtu mmoja huwatosha.

Jean de Dieu alisema maziwa na karatasi ni vitu viwili. Jina linaweza kuandikwa leo, maziwa yakamwagwa baadaye. Kabera akajibu kwamba jina lake likitoka kwenye orodha leo, hiyo Jumapili ya jubilé atacheza kama nani? Komanda anahesabu. Wachezaji kumi na wanane, hakuna wa kumi na tisa. Mwalimu akairudisha karatasi mezani, kwa sababu hilo lilikuwa kweli.

Lakini tusimfiche Kabera nyuma ya komanda. Desturi ya maziwa aliiamini nusu, na ile nusu nyingine alijua ni hadithi. Alichotaka ni kuonwa. Kwa miaka kumi na saba alikuwa amezuia mipira ya watu kwenye kilima kile, kwenye ukungu na mvua, bila kulipwa kitu ila supu, na picha ya mwisho ambayo watu walikuwa nayo kichwani ni ya mzee kwenye matope. Alitaka kuwapa nyingine. Alitaka dakika arobaini na tano safi, maziwa, makofi, wanawake wakipiga vigelegele, halafu atoke. Siku kumi na mbili tu. Nani asingeomba siku kumi na mbili?

Isidore aliposikia alimfuata nyumbani jioni ile ile, akakataa kiti.

"Kapiteni, andikisha Shema leo," alisema. "Maziwa itamwangika siku yoyote. Mimi njo natoka kule pori. Ile njia ya Walikale haingojaka jubilé ya muntu."

"Siku kumi na mbili, Isidore. Siwezi kutoka kama muntu mwenye aliiba."

Isidore alimgeukia Shema, aliyekuwa ukutani na mtoto wake mapajani, akamwuliza yeye anasemaje. Kama Shema angesema leo, ingekuwa leo. Kabera aliapa hivyo baadaye, na huenda alikuwa anasema kweli. Lakini Shema alilelewa na kaka huyu tangu wazazi wao wafe. Alikuwa amembebea viatu kabla hajajua kufunga kamba.

"Nitangoja," alisema. "Nataka Kaka anivalishe maillot na mikono yake."

Umurerwa alikuwa anapepeta maharagwe mlangoni. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Timu iliyoalikwa ilikuwa ya Kitshanga, kwa sababu watu wa Kitshanga walimjua Kabera na waliwahi kumchukia, na heshima ya mpira ndiyo hiyo. Mukandori aliazima masufuria. Papa Théophile, mzee sasa, anatembea na fimbo mbili, alichagua ng'ombe wa kukamuliwa. Kabera alianza kukimbia asubuhi kwenye ukungu, polepole, goti limefungwa kitambaa. Shema aliacha kujikunja sana shambani. Siku zilikuwa chache, na matumaini humfanya mtu anyooshe mgongo.

Ijumaa ya kabla ya jubilé mvua ilinyesha bila kupumzika. Barabara ya kutoka Kitshanga ikageuka uji, pikipiki mbili zikazama mpaka kwenye kiti, na kapiteni wao akapiga simu kuomba mechi isogezwe wiki moja. Jean de Dieu alikuja na simu mkononi na karatasi mfukoni. Hakubishana safari hii. Aliuliza tu kama aandike. Kabera alitazama mvua, akasema masufuria yameshaazimwa, wiki moja si kitu. Mukandori aliinuka, akaenda jikoni, na jioni hiyo hakulikanda goti.

Alhamisi Papa Théophile alituma neno kwamba ng'ombe aliyemchagua amepungua maziwa, waje wamchague mwingine. Kabera alikuwa uwanjani na wenzake wakifyeka nyasi. Shema akasema ataenda yeye, malisho hayako mbali, atapita kwenye miti. Alibeba chombo cha maziwa begani, akaondoka anapiga mluzi. Umurerwa alimtazama mpaka kwenye kona.

Habari ililetwa na mama Mukasine, mjane aliyeuza maziwa barabarani na kumlea mjukuu wake, Albert, wa miaka kumi na tisa. Alifika uwanjani amepoteza kiatu kimoja. Alieleza kwamba vijana wa bariyeri walitokea kwenye miti ile ile ambayo watu hupita kuwakwepa, wakakamata wanaume wanane. Shema hakukimbia. Aliwaambia kwa upole kwamba yeye ni mchezaji wa Umoja. Kijana aliyeongoza hakuwa mbaya, alisema Mukasine, na kutokuwa mbaya kwake ndiko kulikomwuma. Alitoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki, akamwuliza jina. Shema akataja. Kijana akasoma kwa kidole kutoka juu mpaka chini, akarudia tena kutoka juu mpaka chini, akatikisa kichwa. Wakachukua chombo cha maziwa wakakiweka pembeni ya njia, kisafi, kimefunikwa, wakamtwisha sanduku la chuma mahali pake. Mukasine alisimama nyuma ya mti mpaka mgongo wa mwisho ulipopotea upande wa magharibi, upande wa Walikale.

Kabera hakubadilisha hata viatu. Alipanda bariyeri akiwa na panga la kufyekea mkononi, Jean de Dieu akamnyang'anya njiani. Mwalimu alikuwa ameandika orodha mpya akitembea, karatasi juu ya paja kila waliposimama kupumua, na jina la Shema la nne.

Komanda aliwapa viti. Alisema amesikia kuhusu jubilé, amesikitika, atakuja Jumapili bila kukosa. Aliipokea orodha mpya, akaisoma, akaikunja vizuri.

"Hii iko ya leo," alisema. "Wale walitoka na liste ya jana. Mwenye iko mu liste, hatumugusi. Mwenye haiko, haiko. Njo sheria, Kapiteni, na mimi njo niliiweka juu yenu."

Kabera alisema basi atumwe mtu awakimbilie, bado wako karibu, yeye atabeba mahali pa mdogo wake. Aliyasema hayo amepiga magoti, au alijaribu. Goti la kulia lilikataa kukunjika, akabaki ameegemea ardhi kwa mkono mmoja. Komanda alilitazama goti lile kwa huruma ya mpenzi wa mpira.

"Na hii goti utabeba nini?" aliuliza.

Waliteremka. Nyumbani watu walikuwa wamejaa kama kwenye msiba, ila hakuna aliyethubutu kulia, kwa sababu kulia kungekuwa kumzika. Mukandori alikuwa amemkalisha Umurerwa kitandani. Isidore alisimama nje, peke yake. Hakusema nilikuambia. Kabera alitamani angesema.

Jean de Dieu alimvuta pembeni. Kulikuwa na jambo, alisema, na hakukuwa na saa nzuri ya kulisema. Komanda amebaki na orodha mpya. Jina la Kabera limetoka, la Shema limeingia, na Shema hayupo. Bariyeri wataona nafasi imekaa na jina la mtu ambaye wao wenyewe wamempeleka msituni. Watalifuta, na wakizoea kufuta, watafuta mengine. Inabidi ipelekwe nyingine kesho asubuhi. Ama arudishwe Kabera, ama aandikwe mtu. Na mama Mukasine alikuwa amekaa pale kwenye kizingiti na kiatu chake kimoja. Hakuomba kitu. Alikuwa amekuja na Albert, basi, amemkalisha kando yake.

Kabera alimtazama kijana yule. Alikuwa na majani ya maharagwe kwenye nywele.

Alifikiri kurudisha jina lake. Ilikuwa rahisi kabisa. Angecheza Jumapili, na ile nyingine, angeikalia nafasi kama mtu anavyokalia kiti cha mwenzake aliyetoka nje kidogo, na siku Shema anapotokea kwenye kona, kiti kiko tayari. Alitaka hivyo kwa moyo wake wote. Lakini alikuwa ameshaishi wiki mbili za kungoja, na alijua mahali ambapo kungoja kulimfikisha. Angefanya tena, na safari hii kijana wa kukamatwa angekuwa wa mama mwingine.

"Andika Albert," alisema.

Jean de Dieu aliuliza kuhusu maziwa. Kabera akasema hakuna maziwa. Aliingia ndani, akatoa jezi namba nne kwenye msumari, akampa kijana mkononi imekunjwa, bila kumvalisha. Mukasine alimshika miguu. Aliitoa miguu yake, kwa sababu hakustahimili. Hivyo ndivyo Kapiteni Kabera alivyoacha mpira, Alhamisi jioni, viatu vyake vikiwa bado na nyasi za kufyeka, na wachezaji wenzake watatu tu wakiangalia.

Asubuhi Umurerwa alikuwa amefunga vitu vyake. Godoro alikuwa ameliacha. Alisema anarudi Kitshanga kwa wazazi wake, pikipiki inamngoja barabarani, na Mukandori alimsihi mpaka sauti ikamkauka. Kabera alisimama mlangoni. Alijaribu kumweleza kuhusu orodha, kuhusu Albert na nafasi ambayo haiwezi kukaa tupu. Yote yalikuwa kweli. Umurerwa alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu yake ileile, mtoto mgongoni.

"Akirudi, shemeji," aliuliza, "watamuandika wapi?"

Kabera aliegemea mlango kulipumzisha goti.

"Juu ya macho ya watu ulingoja wiki mbili," alisema Umurerwa. "Juu ya Shema haukungoja hata siku moja."

Aliinama akachukua furushi lake, akampita. Kabera alimfuata mpaka barabarani akichechemea, akitaka angalau kumbebea, lakini yeye alikuwa anatembea haraka, na goti halikumwezesha kumfikia.